Pale tulipochomea taka miaka kumi siyo bustani iliyo tayari

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua na mnisamehe mapema, mimi siyo mwandishi, nauza genge hapa Nkuhungu, Dodoma, na haya nayaandika kwenye simu huku nasubiri wateja wa jioni, kwahiyo pakirukaruka mtanyoosha wenyewe. Mlitoa makala ya bustani za nyumbani, nzuri tu sina ugomvi nayo, ila pale katikati kuna mstari unasema kama uani kwako una sehemu uliyokuwa unachomea taka basi una bahati, usihangaike na mbolea, piga jembe, changanya hayo majivu na udongo, panda. Huo mstari ndo umenitoa kimya. Manake mimi nilifanya hivyohivyo mwaka jana kabla hata sijaisoma makala yenu, na mboga zake nikauza.

Tuliingia hapa 2014, enzi hizo huku bado vichaka vichaka na gari la taka hatulijui, kila nyumba ina kona yake ya kuchomea. Ya kwetu ilikuwa nyuma ya banda la kuku, duara la kama hatua nne kwa nne, na Jumamosi jioni upepo ukitulia mtu anashika kiberiti. Miaka kumi na ushee hapo hapo. Majani na mabua na karatasi, sawa, lakini na pampasi za watoto wawili, betri za tochi, ndala zilizokatika, makopo ya rangi fundi alipomaliza sebule, nyaya ambazo vijana walikuwa wanaziunguza wapate kopa wakauze skrepa, na mbao. Hizo mbao nitazirudia.

Mwaka jana mwanzoni gari la taka likaanza kupita mtaani kwetu, unalipia kwa mwezi, tukaacha kuchoma. Mimi nikaona kumbe nina eneo. Majivu meusi, laini, yamejaa, mtu ukiyaona unasema hii si mboji hii. Mvua zilikuwa zimeisha, mboga zinapanda bei kama kawaida ya kuanzia Juni, nikasema hapa sinunui mchicha tena, nitavuna mwenyewe. Nikalima, nikachanganya, nikasia mbegu, nikamwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya tenki ambayo nayo ni ya kuhesabu maana bombani yanatoka kwa zamu.

Ukipanda juu ya kile kibao cha tenki ukaangalia chini ilikuwa kama mtu kachora na kompasi. Katikati upara. Mbegu chache zilizoota pale zilikuwa na majani ya njano ila vile vimishipa vimebaki kijani, alafu zikadumaa urefu wa kidole zikakata tamaa. Ukitoka kidogo kuelekea pembeni mchicha upo upo tu. Ukingoni sasa, kule majivu yalikotawanyika kidogo kidogo, mchicha umenawiri jamani, majani mapana, shina limenenepa, nikapita nao gengeni mafungu manne yakaisha kabla ya magharibi na mteja mmoja akaniuliza huu mchicha wa wapi mama. Nikamjibu kwa kujidai, wa kwangu.

Hayo mafungu manne ndo yananinyima raha mpaka leo, nitasema kwanini.

Jirani yetu wa upande wa juu ni mzee wa Kigogo, yeye sisi hata tukae miaka thelathini ni wageni tu, lakini mzee mwema. Akapita getini, akanisalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, nikamwamkia shikamoo, akaingia akausimamia ule upara wangu mikono nyuma. Nikamwambia babu nashangaa maana si nyie wenyewe mlikuwa mnachoma shamba ndo mnapanda? Akacheka. Akanieleza zamani kabla ya mvua walikuwa wanakwangua shamba juu juu, wanakusanya mabua na magugu wanatia moto, mvua ikinyesha wanatoboa mashimo wanatia mbegu bila kulima, wenyewe wanaita kuberega. Majivu yanakuwa kidogo, yametawanyika, mvua ya kwanza inayashusha. Akasema, "Hayo mwanangu ni majivu ya mabua. Haya yenu ni majivu ya dukani."

Majivu ya dukani. Nilicheka lakini usiku sikulala vizuri, kweli ukifikiria kila kilichoungua pale katikati kilitoka dukani, mabua yalikuwa ya kuwashia tu.

Basi nikaanza kuulizauliza, bibi shamba mmoja ambaye ni mteja wangu, kijana wangu yuko kidato cha tatu, na watu wa kanisani. Nitaeleza kwa lugha ya jikoni kama nilivyoelewa mimi. Sisi tunaopika mlenda magadi tunayajua, ukitia kiduchu mlenda unalainika unateleza vizuri, ukizidisha sufuria nzima inanuka sabuni hakuna wa kula. Majivu ya kuni ni ndugu yake magadi. Ndani yake kuna potasiamu na chokaa, ni chakula cha mmea kweli, bibi zetu walikuwa wanayanyunyiza kwenye mchicha wenye wadudu mafuta na wanachanganya na mahindi ghalani, hawakukosea. Lakini walikuwa wanatumia konzi. Sisi tulimwaga miaka kumi mahali pamoja. Kijana akaomba kwa mwalimu wake wa kemia vikaratasi vya litmasi vyekundu, tukakoroga kijiko cha majivu kwenye glasi ya maji, kikaratasi kikawa bluu kabla sijamaliza kuuliza kinatakiwa kufanya nini. Udongo wa mbele karibu na mlango ukakiacha na wekundu wake. Ukishakuwa na magadi namna ile, chuma kilichomo ardhini mmea haukipati hata kama kipo, na ndo ile njano yenye mishipa ya kijani. Na naitrojeni, ambayo mboga ya majani ndo inaililia kuliko kitu chochote, kwenye majivu haimo, ilishaondoka na moshi wa Jumamosi.

Hapa niseme kitu makala yenu ilikipita. Mtu wa Njombe au wa Bukoba kule mvua ni nyingi, udongo wao umeoshwa umekuwa mchachu, konzi ya majivu inawafaa kweli, inapunguza uchachu. Huku kwetu mvua inacheza milimita 500 na 600 kwa mwaka na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, udongo hauoshwi hivyo, na visima vingine hapa mjini maji yake tayari yana chumvi chumvi. Ukiongeza majivu juu yake unaongeza chumvi kwenye mchuzi ulioungwa. Kwahiyo ushauri uwe na mkoa wake.

Jambo la pili ni kwamba pale chini palishaiva. Nilipochimba, chini ya majivu nikakuta tabaka la udongo limekauka limekuwa jekundu kama tofali la kuchoma, unene wa kiganja hivi, jembe linadunda. Na juu yake vumbi jeusi ambalo ukimwagia maji hayazami, yanajikusanya vidonge vidonge kama shanga yanatelezea pembeni. Mimi siku zote namwagilia nadhani nimemwagilia. Maji yangu ya zamu yalikuwa yanaenda kwa ukuta wa jirani.

Lakini hayo yote mawili yana dawa na hayamuui mtu. La tatu ndo lenyewe.

Nilichukua sumaku ya spika mbovu ya redio, nikaifunga kamba, nikaivuta juu ya majivu kama mtoto anavuta gari la makopo. Hatua mbili tu nikaigeuza, jamani, imeota ndevu. Misumari ya kila saizi, visoda, nyembe, pini za karatasi za shule, springi za kalamu, waya wa tairi. Nikaazima chekecheke la mchanga kwa fundi, nikaanza kuchekecha, na hapo ndo nikaisoma nyumba yangu yote upya. Tabaka za juu kuna vijiwaya vya barakoa, vile vya puani, nikajua hiyo ni korona. Chini yake yakaanza madonge ya mifuko ya rambo iliyoyeyuka ikaganda na mchanga, na hayo madonge yanaanzia hapo kwenda chini tu, juu hayapo, manake rambo zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Chini zaidi vile vijiti vyeusi vya katikati ya betri, vingi, enzi hizo hatujaingiza umeme tunatumia tochi. Chini kabisa vipande vya mbao vyenye rangi ya kijani kijani ambavyo havikuungua vikaisha.

Sasa hizo mbao. Huku tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma watu tumejenga kama tuna mashindano, na kila paa lina mbao zilizotiwa dawa mchwa wasile. Mabaki yake mafundi wanayaacha, na wewe unaona kuni za bure. Ile ya kijani mara nyingi ni dawa yenye shaba, kromu na aseniki, na aseniki ni sumu, hiyo haihitaji maelezo. Ukiichoma mbao inaisha, dawa haiishi, inabaki kwenye majivu, tena imekolea kwasababu mbao gunia zima imekuwa majivu bakuli moja. Rangi za zamani za ukutani na madirishani zilikuwa na risasi, siyo ile ya bunduki, madini ya risasi, nyingine zipo kwenye plastiki ya nyaya za zamani na ile lehemu ya ndani ya redio. Moto hauli madini. Mimi nilikuwa nadhani kuchoma ni kumaliza kitu, kumbe nilikuwa nakikusanya, wahenga walisema moto huzaa jivu kwa maana ya kulidharau jivu lakini hawakuwa na betri wala pampasi.

Na hapa ndo pa kusikiliza vizuri. Majivu yakizidi mmea unakwambia, unakuwa njano, unakufa, unaachana nao. Risasi haikwambii. Mchicha unaweza kusimama kijani kabisa, mpana, shina nene, kama ule wangu wa ukingoni niliouuza mafungu manne, na ukawa nayo, ama imepanda kwa mizizi kidogo ama vumbi lake limeng'ang'ania kwenye majani na maji ya kumwagilia yameirusha juu. Mboga ya majani na ya mizizi ndo zinabeba zaidi, matunda kama bamia na nyanya yanabeba kidogo. Na risasi siyo kitu cha kukuharisha usiku ukajua ni ile mboga, inakaa mwilini polepole na inaharibu zaidi akili za watoto wadogo, ndo maana hata mtoto kuchezea lile vumbi na kujilamba vidole ni mbaya pengine kuliko mboga yenyewe. Mteja aliyeniuliza mchicha wa wapi ana mjukuu wa miaka miwili. Sijui kama ule mchicha ulikuwa na kitu, sikuupima, yawezekana haukuwa na kitu kabisa. Nilimwambia. Alikaa kimya, alafu akanunua vitunguu akaondoka, siku hizi anakuja ila mchicha kwangu hachukui.

Nisisahau kuku. Kuku wa kienyeji wanapenda kuoga majivu kuliko chochote, wanajimwagia wanatoa utitiri, sisi wenyewe tunafurahi. Ya kuni jikoni hayana neno. Lakini pale kwenye jalala la kuchomea wanachakura na kumeza, na plastiki ikiungua vibaya inaacha sumu inaitwa dioksini ambayo inapenda kukaa kwenye mafuta, kwahiyo inaishia kwenye kiini cha yai. Banda langu lilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Nimelihamisha.

Kazi yenyewe tuliifanya Septemba, kosa la kwanza ni kuchagua Septemba maana upepo wa Dodoma miezi hiyo mnaujua. Siku ya kwanza tulianza saa nne asubuhi, chepe la kwanza tu majivu yote yakaenda kwenye kamba ya nguo za jirani, mashuka meupe. Nilikwenda kuomba radhi na nikafua mwenyewe. Siku ya pili tukaanza saa kumi na mbili alfajiri, tukamwagia maji kwanza yalowe, barakoa, buti, watoto ndani, nguo za kazi zikafuliwa peke yake. Tulichimba mpaka ule udongo uliokuwa tofali ukaisha tukakuta udongo wa kawaida, kama futi moja na nusu katikati na robo tatu ya futi ukingoni. Baba watoto alisema tuchanganye tu tutaongeza samadi nyingi, tukabishana nusu siku. Hoja yangu ilikuwa moja, samadi inaponya magadi na inalegeza tofali, lakini samadi haiyeyushi msumari wala haifukuzi risasi. Ungekuwa umechoma majani ya mwembe na mabua peke yake ningemkubalia, ungekwangua majivu ya juu, ukavunja kile kigae, ukatia samadi, ukaacha mvua moja ipite, basi. Kinachoamua ni ulichoma nini. Na watu uani kwetu huku tunajua tulichoma nini, tusidanganyane.

Vikajaa viroba 14, vile vya kilo 50.

Sasa nikabaki na shimo. Vitabu na zile video zote zinasema jenga kitanda kilichoinuka, panga tofali, jaza udongo. Kwa mtu wa mvua nyingi sawa. Huku kitanda kilichoinuka upepo na jua vinakikausha pande zote nne kama mtu kaanika, jioni umemwagilia asubuhi vumbi. Mimi nikaliangalia shimo langu nikaona kumbe kitanda ndo hiki tayari, kimeshuka chenyewe, maji yatakuja yenyewe. Tukaleta udongo mwekundu guta mbili, samadi iliyooza ya boma la ng'ombe guta moja, ya mwaka juzi ile isiyo na harufu kabisa, siyo mbichi, tukajaza tukaacha shubiri moja chini ya usawa wa ardhi. Ukingo tukazungushia mawe, mawe Dodoma hayanunuliwi, unainama tu unaokota. Kuta za shimo kule pembeni nilikokuwa na wasiwasi nako nikarudishia tope la udongo mwekundu. Juu tukatandaza nyasi kavu na mabua, siyo kwa ajili ya unyevu peke yake, ni ili mvua isirushe udongo kwenye majani.

Kabla ya kutia mbegu bibi shamba akanifundisha kipimo cha makopo na hiki naomba mkiandike maana hakina gharama. Makopo matatu ya maziwa ya unga, toboa chini. Moja udongo mpya wa kitandani, moja udongo wa chini kabisa shimo lilipoishia, moja udongo wa mbele ya nyumba. Maharage kumi kila kopo, maji sawa, kivuli kimoja. Mimi nikaongeza la nne la majivu yenyewe kwa ubishi tu. Siku ya nane kopo la mbele ya nyumba yameota tisa, kitandani tisa, la chini ya shimo saba, la majivu mawili tena yamejikunja kama mtu ana tumbo. Saba nikaridhika nayo. Ila alinisisitiza, na mimi nasisitiza, hicho kipimo kinakwambia magadi na chumvi, hakikwambii sumu. Litmasi hivyohivyo. Na vile vifaa vya afisa ugani vya kupimia udongo kazi yake ni uchachu na virutubisho, siyo risasi. Risasi ni maabara.

Maabara zipo. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko hapa hapa Dodoma, Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro wana maabara ya udongo na siku hizi kwa treni ya umeme Morogoro ni kama kwenda Chamwino, unabeba mfuko wako wa udongo kwenye mkoba unaomba usikaguliwe. Tatizo bei, mtu wa genge kupima sampuli mbili tatu ni hela ya tenga zima la nyanya na zaidi, nimeahirisha mara mbili. Mtaa wetu tungejikusanya nyumba kumi tukapima za mfano ingewezekana, nimemwambia mwenyekiti wa mtaa kasema ataliweka kwenye kikao, namngoja. Nyie wa gazeti mkiandika kwamba hapo ndo pa kuanzia kabla ya jembe mngenisaidia kuliko kelele zangu.

Mvua za kwanza za Desemba niliziacha zipige kitanda bila kupanda kitu chochote, zioshe. Januari nikatia kunde pembeni kwasababu zinatengeneza naitrojeni yake zenyewe, katikati bamia na miche sita ya nyanya. Kunde majani sikuchuma, na mimi nilivyo na uroho wa majani ya kunde ya karanga mnaweza kudhani ni jambo dogo, siyo. Nilikula kunde zenyewe zilipokauka, bamia nikala, mabua ya kunde nikayakatakata nikarudishia chini. Bamia zimetoka vizuri hadi nikaona aibu kuziangalia. Za kuuza bado sijauza hata moja mpaka nipime, wateja wakiuliza nawaambia za nyumbani. Mchicha wangu wa gengeni nanunua kama zamani kwa wakulima, na chainizi, na matembele.

Kwa aliye na kona kama yangu na hana nguvu ya kuchimba futi moja na nusu, mimi namshauri asilime kabisa pale, apande maua au mti wa kivuli, mwarobaini hautaki mengi, mboga aweke kwenye viroba au ndoo mbovu zilizojazwa udongo wa sehemu nyingine, mbali na pale. Kuku wazuiwe na watoto pia. Na asiongeze chokaa, nimemkuta mama mmoja anamwaga chokaa juu ya majivu kaambiwa inaua sumu, hiyo ni magadi juu ya magadi.

Mhariri nimeandika ndefu, wateja wameshaanza kuja. Kilichobaki ni vile viroba. Nilipowapa wa gari la taka wakaviinua wakavirudisha chini, wakasema majivu hawabebi, yaliwahi kuwawakia moto njiani kwenye gari, nawaelewa, kaa lililojificha kwenye majivu linaweza kukaa siku nyingi. Haya yangu yana miezi hayana moto, wakasema amri ni amri. Kwahiyo tulizuiwa kuchoma, sawa kabisa, tukaambiwa tulime, sawa, lakini hayo majivu ya miaka yote ya mji mzima ulioanza kuchoma kabla gari halijaja nani anayabeba na yanaenda kumwagwa wapi, hilo sijamsikia mtu akilisema, na nina hakika wengi wameshayamwaga korongoni, mvua ikija yanashuka kwenye mashamba ya watu. Sisi vya kwetu viko 14 nyuma ya choo, nimevifunika turubai na kulikandamizia mawe, na turubai lenyewe jua limeshaanza kulitoboa. Anayehusika akisoma hapa aseme tu siku na saa, tutavisogeza barabarani wenyewe.

Msomaji wenu, muuza genge,
Nkuhungu, Dodoma